Sarafu ya Chini ya Mnazi wa Omari

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa mlio wake. Ilikuwa asubuhi, mie nipo kondeni napalilia muhogo, mara nikasikia kitu kinalia kama mbu mkubwa, kinanyamaza, kinalia tena. Kugeuka, namwona mume wangu Faki, Mungu amrehemu, kashika mti mrefu wenye sahani chini, anaupitisha juu ya ardhi polepole kama mtu anayefagia.

Siku hizi nyinyi vijana mnaonyeshana kwenye simu watu wa nchi za mbali wakiokota sarafu za kale mashambani kwa mashine kama ile. Mjukuu wangu naye kaniambia anataka kuagiza yake. Sikumkatalia. Nilimwambia kwanza akae nimsimulie. Na wewe kaa.

Mashine ile, inayolia ikipita juu ya chuma au fedha iliyofukiwa, Faki aliletewa na rafiki yake kutoka Tanga. Kisiwa chetu cha Pemba kina watu tangu zamani sana. Wazee wetu wakilima walikuwa wakiibua vigae vya vyungu, shanga, na mara mojamoja sarafu nyembamba kama ukucha. Hawakuzishughulikia; waliwapa watoto wachezee, au wakazifukia palepale. Faki aliipata ya kwanza katika konde letu, nyeusi, ina maandishi ya Kiarabu yaliyofutika. Akaisugua kwa ndimu na majivu hata ikang'aa, akanitilia kiganjani. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilikuwa mke mpya, na mume anayecheka ni neema nyumbani.

Kicheko kile hakikudumu. Baada ya hapo hakupata ila misumari na vizibo vya soda, na kadiri alivyokosa ndivyo alivyozidi kuchimba. Muhogo akaung'oa haujakomaa. Konde likawa mashimo matupu, mbuzi wa jirani akatumbukia humo akavunjika mguu. Nikimsemesha, ananijibu kuwa sioni mbali. Mwisho nikanyamaza; chambilecho wahenga, sikio la kufa halisikii dawa.

Mavyaa wangu, yaani mama yake Faki, akiitwa Bi Mize. Nyumba yake na yetu zilitazamana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nyuma ya nyumba alikuwa na minazi aliyoipanda kwa mkono wake, mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa, pale pale alipoizika kondo ya nyuma ya mtoto huyo. Watoto wale walimfia wadogo, surua iliwachukua. Waliokua ni Omari na Faki tu, na Omari naye akazama baharini akiwa kijana wa kuoa. Minazi ikabaki. Bi Mize aliiita kwa majina ya wenyewe. Akinituma nazi ataniambia, "Kaangue kwa Omari." Mwanzo niliogopa, baadaye nikazoea.

Basi siku moja Bi Mize alivuka kwenda kisiwa cha Kojani, kwa dada yake aliyefiwa na mume. Faki akaingia na mashine uani kwa mama yake. Nilimfuata, nikamshika mkono.

"Faki, hapa si kondeni," nikamwambia.

Akanijibu kuwa hapo ni kwa mama yake, na cha mama ni chake. Mashine ikalia chini ya mnazi wa Omari. Ililia kwa nguvu, hata mie niliyesimama mbali niliisikia. Akachimba mpaka alasiri, akakata mizizi kwa shoka, akatoka na kifuu cha nazi kilichojaa udongo. Ndani yake mna sarafu ya fedha, kubwa kuliko ile ya kwanza. Hakujiuliza ni nani aliyeitia mle.

Bi Mize aliporudi, Faki alimpelekea mwenyewe, anacheka, anamwambia kuwa dhiki imekwisha. Mama yule aliipokea, akaigeuza mara moja, akakaa kizingitini hajavua hata buibui lake la safari. Faki akaacha kucheka.

"Faki, baba," akasema, "hii ilikuwa kwenye mkufu wa bibi yangu. Niliitoa mwenyewe siku niliyomzaa Omari, nikaizika na kondo yake. Omari bahari haikunirudishia. Wenzangu wana makaburi ya kuzuru. Mimi nilikuwa na pale tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Faki alipiga magoti, akamshika miguu, akaomba radhi huku analia.

"Radhi nimekupa, mwanangu. Mama hamnyimi mtoto radhi," akamwambia. "Lakini hapa sitaweza kukaa."

Na hakukaa. Alihamia Kojani kwa dada yake mjane. Faki alilifukia shimo, akatia samadi, akamwagilia maji asubuhi na jioni kama anayeuguza mgonjwa. Masika yaliposhuka, mnazi ukalala chini. Mashine aliivunja kwa nyundo, lakini kuivunja mashine hakuinui mnazi.

Kila Ijumaa baada ya sala alivuka kwa mashua na kikapu cha ndizi. Mama yake alimpokea vizuri, akamuuliza hali yangu, akauliza mvua. Nyumbani kwake hakupaulizia hata mara moja. Na Ijumaa moja Faki alishuka ufukweni akakutana na watu wanatoka makaburini kumzika mama yake. Maziko yetu hayangoji mtu. Walimpa mkono wa pole palepale mchangani, kikapu cha ndizi bado kiko begani.

Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo, mume mpole asiyenipandishia sauti. Usiku wa kuamkia Ijumaa hakupata usingizi mpaka kufa kwake. Radhi alikuwa nayo, niliisikia kwa masikio yangu ikitolewa. Ila mwanangu, radhi huondoa dhambi, haimrudishi mtu aliyekwisha ondoka.

Sikwambii usitafute. Kutafuta si haramu. Nakwambia, kabla hujatia jembe mahali, uliza pana nini na ni pa nani, hata kama ni kwa mama yako mzazi. Watu hawaziki mali tu. Huzika na mambo wasiyoweza kuyasema. Ukiokota cha watu wa kale, wapelekee waliowekwa na serikali kuvitunza vitu hivyo, usikifiche. Na mzazi wako akiwa hai, mjue: muulize aliyoyapata na aliyoyapoteza, maana Faki alizaliwa uani mule na hakuwahi kuuliza kwa nini mnazi una jina la ndugu yake.

Mwenyezi Mungu akukunjulie riziki isiyomliza mtu. Akuhifadhie wazazi wako, wakuridhie nawe ungali karibu nao, na akulainishie moyo uwahi kuuliza. Amin.