Taa Iliyoshtaki Tairi Lisilo na Kosa

Ijumaa asubuhi, umande haujakauka juu ya mabati ya Kumasi, Issifu Napari anapiga magoti kwenye udongo uliolowa grisi na kulegeza nati za gari jekundu kabla ya kulipandisha kwa jeki. Katika kiti cha dereva, mlango ukiwa wazi, ameketi mwenye gari, Boatemaa Pokuaa, amevaa nguo nyeusi za msiba. Hamwamini fundi huyu, na ameona ni heri amwambie.

"Legeza, lakini mkono wa kushoto uweke ninapouona."

"Mama, nati hailegei kwa mkono mmoja."

"Basi itumie yote miwili, polepole."

Napari, Mdagomba wa Yendi, mji wa kaskazini, ameziba pancha katika njia panda hii tangu kabla haijawekwa lami. Pancha moja ni cedi ishirini, na siku nyingi hazifiki pancha nne. Ijumaa humlipa zaidi, kwa kuwa Waasante, wenyeji wa hapa, huzika Jumamosi, na hapa hakuna aendaye mazishini kijijini bila kwanza kuhamisha matairi: mazuri mbele, yaliyolika nyuma. Wahandisi wana maoni tofauti, lakini hakuna mhandisi aliyewahi kufungua kibanda njia panda.

Mwezi uliopita Boatemaa aliletewa habari ya kifo cha kaka yake, ng'ambo ya kilima cha Mampong. Napari alimhamishia matairi kama desturi ilivyo. Njiani, taa ya upepo wa matairi iliwaka na dashibodi ikataja tairi la mbele kulia. Boatemaa alisimama kituo cha mafuta akalijaza. Taa haikuzimika. Alilijaza tena, kisha akampigia fundi simu.

Jibu la fundi halibishaniwi na upande wowote. "Taa hizo hupenda kuwaka, mama. Endelea na safari."

Kwenye mteremko tairi lilichanika. Halikuwa la mbele. Lilikuwa la nyuma kulia, na ndani yake mlikuwa na msumari. Boatemaa alifika kijijini jeneza likiwa limekwisha kufungwa. Uso wa kaka yake hakuuona.

Alirudi Kumasi na mashtaka mawili: kwamba Napari alimwibia sensa, vile vidude vinavyokaa ndani ya gurudumu na kupima upepo, akamfungia vibovu, na kwamba msumari ule ulikuwa wake. Shtaka la pili husemwa juu ya kila fundi wa pancha Afrika Magharibi. Ukitafuta misumari katika vumbi la kibanda cha Napari, utaipata. Ukienda kwa jirani yake, seremala wa majeneza, utaipata mingi zaidi. Hilo halimsafishi yeyote.

Mwenyekiti wa mafundi wa njia panda, Yaw Antwi-Bosiako, aliamuru jaribio. Gari lilifungwa tairi jingine nyuma, juu ya ringi ileile na sensa ileile. Mwenyekiti mwenyewe akatoa upepo katika tairi hilo la nyuma kulia. Dashibodi ikalalamikia la mbele kulia. Akatoa la mbele. Ikalalamikia la nyuma. Sensa zilikuwa nzima na zilikuwa zilezile. Magurudumu yalikuwa yamehama, na hakuna aliyelijulisha gari.

Napari alidhani ameshinda. Mwenyekiti alimuuliza kama wateja wengine waliwahi kumlalamikia taa hiyo. Napari alikiri kwamba walikuwapo, na kwamba mmoja wao yeye mwenyewe alimbandikia karatasi nyeusi juu ya taa ili asisumbuke.

"Kumbe ulijua kuna kitu," alisema Boatemaa.

"Nilijua inawaka. Sikujua inasema kweli."

"Kaka yangu amezikwa bila mimi kumwona, kwa kutojua kwako."

Napari alileta kola, kokwa ambayo hapa hutafunwa na waliopatana, kuomba radhi. Boatemaa aliipokea, akaitia mkobani bila kuitafuna.

Mwenyekiti hakumfukuza, wala hakumwachilia. Leo Boatemaa anakwenda kwenye arobaini ya kaka yake kwa barabara ileile, na matairi yatahamishwa na mkono uleule. Akirudi bila malalamiko, kibanda kitabaki. Akilalamika, kitavunjwa. Napari anadai kwamba hana hofu, lakini nati ya tatu amekwisha kuikaza mara mbili.

Safari hii alikwenda kwanza Suame, kwenye mtaa wa magereji, kuazima kifaa cha kulifundisha gari mahali papya pa kila gurudumu. Akimaliza kukitumia, anatoa upepo kidogo katika kila tairi, moja baada ya jingine, na kumtaka Boatemaa asome dashibodi kwa sauti. Anasoma kama shahidi asiyempenda mshtakiwa. Kila tairi linatajwa mahali pake. Napari anayajaza upya.

Anataka kununua kifaa chake mwenyewe kabla ya Krismasi, ili gari lolote lisiondoke kabla mwenye gari hajaona dashibodi ikisema kweli. "Si kwamba nawapenda sana," anasema. "Asiyeona leo atakuja kunishtaki kesho."

Gari linaondoka, kisha linasimama mbele ya muuza waakye, wali wa kunde. Boatemaa anashuka, analizunguka, anabonyeza kila tairi kwa kidole gumba. La nyuma kulia analibonyeza mara ya pili. Anapanda tena na kushika njia ya Mampong.

"Hajanisamehe," anasema Napari, macho yakiwa barabarani. "Lakini kila fundi wa mji huu ana jeki, naye hakwenda kwa mwingine; amekwenda kwa kaka yake na nati nilizokaza mimi."