Waya wa Edgar

Siku ya tisa baada ya mazishi, simu ya Aneth ililia. Alikuwa Silvester, katibu wa chama cha wafuga nyuki.

"Shemeji, pole tena. Intaneti imetugomea tangu Jumatatu, na majina ya wafuga nyuki wa Ugalla wanaoomba kibali yanatakiwa yatumwe leo kabla ya saa tisa. Yasipofika, msimu huu hawaingii msituni."

Aneth akajifunga kitenge, akatoka nyumbani Kawajense kwa miguu hadi ofisi ya chama. Tangu wamzike Edgar, mume wake na fundi mwenzake wa kompyuta, hajalia. Mawifi wamemsema weee: ana roho ngumu huyo! Roho gani? Mwenyewe alikuwa haisikii. Chai anakunywa, hajui kama ina sukari.

Ofisini wazee sita wa Ugalla walikuwa kwenye benchi, wakisubiri. Silvester alikuwa ameshanunua bando mara mbili na kuitukana modemu.

Aneth hakubishana. Kompyuta ile ina njia mbili: waya wa humo ndani, unaokwenda kwenye printa na mashine ya pembeni, kompyuta ndogo aliyoifunga Edgar, na modemu ya kwenda nje. Akaijaribu tovuti ya vibali kwa namba, ikajibu hapohapo. Akaijaribu kwa jina, kimya. Basi modemu nzima. Kompyuta haijui majina, lazima iulize kwanza jina hili namba yake ipi, na hii ilikuwa inaulizia kwenye waya.

Akafungua mipangilio ya waya: 192.168.1.10. Edgar ndiye aliyeiandika, Aneth akimshikia tochi. Namba ya mashine ya pembeni, ndiyo iliyokuwa ikijibu maswali hayo ya majina. Akageuka. Meza tupu, vumbi tu.

"Iko wapi?"

Silvester akainamisha macho. "Ladislas aliibeba Jumapili. Alisema ni mali ya kaka yake."

Ladislas huyo! Pikipiki kabeba, redio kabeba, godoro kabeba, na hii nayo. Aneth aliingoja hasira, haikuja.

Saa nane na nusu. Alijua mashine iko sebuleni kwa Ladislas, imezimwa, lakini akaiita ile namba mara moja tena, bure tu. Haikujibu. Akaifuta. Kompyuta akaielekeza iulize kupitia modemu.

Tovuti ikafunguka. Benchi zima likapiga makofi. Silvester akatuma majina hadi la mwisho, la Mzee Lyamba, saa tisa kasoro dakika tatu.

"Mama, umetuokoa," mzee akasema.

"Kazi tu, baba."

Akachukua mkoba, akafika mlangoni, akarudi. Chini ya meza tupu kulikuwa na waya, ncha yake haijaunganishwa popote.

"Huu wameusahau," alisema. "Huu wangu."

Akauinua aukunje. Karibu na kichwa, ganda lilikuwa na vidonda vidogo. Siku walipoufunga, koleo la kukatia waya lilipotea, Edgar akaumenya kwa meno huku Aneth akimgombeza. Akapitisha kidole kwenye zile alama za meno. Kisha akakaa sakafuni, mbele ya wazee sita, akalia.