Mwalimu Mkia Arudi Darasani

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mkia, naye hakuwahi kukasirika, maana jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la Kilatini, alikuwa akiwaambia wageni wa darasa kwamba katika lugha hiyo maneno yana mikia, na mkia ndio unaosema neno linafanya kazi gani. Neno mpira, ukirushwa au ukidunda wenyewe, halina mkia mmoja. Likikatwa mkia neno, hutajua nani kampiga nani. Aliyasema hayo kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu, miaka nenda miaka rudi, mpaka asubuhi moja kiharusi kilipomkuta akifunga kamba za viatu.

Kilimwacha hai, na hilo si dogo. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ulirudi nusu, lakini maneno yalikwenda na maji. Lilibaki moja tu: basi. Ukimuuliza kama anataka chai, basi. Kama amelala vizuri, basi. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ndani mle maneno yamejaa tele, ila mlango umegoma kufunguka.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa mikono mipana na maneno machache, ambaye nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikilia. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na yeye hakulalamika kumvisha mumewe shati wala kumkatia nyama. Kilichomtesa ni kumwona kila asubuhi akichukua mkoba wake wa shule, akikaa nao mapajani pale sebuleni, akingoja. Aliogopa. Aliwaza kwamba mzee akirudi darasani watoto watamcheka, na kicheko hicho ndicho kitakachommaliza. Akaenda kwa mkuu wa shule bila kumwambia mumewe, akaomba astaafishwe kwa heshima zote.

Mkuu wa shule alikuwa amefundishwa na mzee huyo huyo, tena kwa kuvutwa masikio.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Lakini siwezi kumstaafisha mwalimu wangu nikiwa nimekaa tu kitini. Mlete Jumatatu afundishe kipindi kimoja. Mimi na wewe tutakaa nyuma. Kikimshinda, atakuwa amejionea mwenyewe."

Mkunga alikubali shingo upande.

Tangu waoane hakuwahi kuingia katika darasa lile. Kwake yeye Kilatini kilikuwa mke mwenza: alijua kipo, alijua kinapendwa, na hakuwa na hamu ya kukiona uso. Jumatatu akakaa nyuma kwenye dawati lenye mguu mfupi, chini ya dirisha lililozibwa kadibodi, ameukamata mkoba wake mwenyewe kama unataka kukimbia.

Mzee alisimama mbele. Mwanafunzi mmoja akakohoa. Mwingine akabana kicheko, kile cha woga. Mzee akashika chaki kwa mkono wa kushoto, akaandika ubaoni herufi moja tu, kubwa, imepinda kama mwiko wa zamani: M. Kisha akafinyanga karatasi ikawa mpira, akamrushia binti wa dawati la mbele. Binti akaudaka. Mzee akaunyoshea mpira kidole, halafu akalishika sikio lake, anangoja.

"Pila," binti alisema.

Mzee akagonga ile herufi ubaoni.

"Pilam."

"Basi," mzee akasema, na mkewe hakuwa ameisikia basi yenye raha namna ile tangu augue.

Mzee akaburuta mguu mpaka mlangoni, akaonyesha nje, ng'ambo ya barabara, paa la nyumba yao. "Domum," darasa likasema. Akaonyesha mwanga wa jua sakafuni, kidole kikatembea taratibu kutoka ukuta wa asubuhi mpaka ukuta wa jioni. "Totum diem."

Mkunga akamwinamia mkuu. "Wanasema nini?"

"Mpira, kile kinachorushwa. Nyumbani, kule mtu anakokwenda. Siku nzima, ule muda jambo linaodumu."

"Na mkia ni ule ule?"

"Ule ule, Mama."

Hapo mzee akaangusha chaki kwa makusudi, akajipiga kofi la paji la uso, akakunja sura kama aliyefiwa. Darasa zima likaangua kicheko, na mkunga akainuka nusu, maana ndicho alichokiogopa. Lakini mzee mwenyewe alikuwa anacheka.

"Me miserum!" walipaza sauti.

"Ole wangu," mkuu akanong'ona. "Hata anayejililia. Uchungu umemfikia, na yeye anavaa mkia huo."

Mkunga akaketi polepole. Kumbe mpira, nyumba, siku nzima na mtu aliyeumia ni watoto wa tumbo moja: vyote hufikiwa. Watu waliokufa kale, ambao hata makaburi yao hayajulikani, waliliona hilo wakalitia mwishoni mwa maneno yao, na mtu asiye na ulimi alikuwa akilitoa sasa hivi, mbele ya macho yake, kwa kidole na karatasi. Alikuwa amepokea watoto wengi maishani, lakini hofu ile tamu ya kuona kitu kinafika duniani hakudhani ataipata tena, tena darasani.

Mzee akautia mpira wa karatasi mkobani mwake. "In saccum!" darasa likasema. Akafungua mkoba, akaonyesha mpira umelala ndani. "In saccum!" wakarudia. Akatikisa kichwa. Wakatazamana. Mzee akaugonga tena mpira kwa kidole.

"In sacco, mwalimu," binti wa mbele akasema hatimaye. "Umeshafika. Hauendi tena popote."

Akilini mkunga akamwona mumewe pale sebuleni, mkoba mapajani, asiyekwenda tena popote. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

Kengele ilipolia, mkuu alimgeukia. "Haya, Mama. Tufanye kama ulivyosema?"

Alimtazama mzee anayefuta ubao kwa kiwiko, shati limelowa jasho mgongoni, anahema. Mkunga alijua mwili uliochoka, na alijua kiharusi hurudi.

"Kazi hii itaniulia mume," alisema. "Mwache afundishe. Nitakuwa namleta mimi."

Akaenda mbele. Wanafunzi walikuwa wametoka.

"Baba," alimwambia mumewe, "mimi ndiye niliyeomba ustaafishwe. Nilikuja hapa kwa siri. Nilidhani nakuokoa."

Mzee akamshika mkono, akampeleka mpaka dawati la mbele kabisa, akalipangusa vumbi la chaki kwa kiganja chake kizima. Mkunga akaketi, magoti yakigonga meza, na wanafunzi wa kipindi cha pili wakaanza kuingia.