Redio yangu iliingia mu korali

Leo korali ya kanisa jirani ilipata muimbaji mupya: redio yangu. 😅

Minye niko radioamateur hapa Shituru, mu Likasi. Naandika ku ordinateur (kompyuta), redio inatuma herufi kama milio, na muntu wa mbali anazisoma ku écran yake.

Kisha saa sita ya muchana, nikiwa natuma, Mama Régine, mukubwa wa korali, akagonga mulango.

— Papa Trésor, haut-parleur yetu ya kanisa, ile ya kutoa sauti, inalia tilu-tilu-tilu. Ni weye?

Ni minye. 🙈 Nilisikia haya. Nikajua tu: leo watanishushisha antena.

Nilikuwa natuma na wati themanini. Nikapunguza mpaka ishirini, nikatuma tena. Tukasikiliza ku dirisha: korali inaimba safi, bila tilu-tilu!

Mama Régine akanihurumia.

— Sasa na nguvu kidogo hivi, nani atakusikia?

Tukangoja. Écran ikaanza kuandika, herufi moja moja: BONJOUR LIKASI. Muntu wa kisiwa ya Réunion, kule mu bahari!

Mama akasoma kwa sauti, kisha akaita ku dirisha: «Mukuye muone!»

Saa hii waimbaji soprano sita beko mu salon ya nyumba yangu, mbele ya écran.

Tumujibu nini? 👇