Kovu la Begani kwa Anyesi Mlewa

Anyesi Mlewa alibatizwa Jumapili, tarehe 6 Oktoba 1985, akiwa na umri wa miezi mitatu, katika kanisa la Anglikana la kijijini kwao, wilayani Kongwa.

Leo ni mjane, na anapika chakula katika soko la mahindi la Kibaigwa: ugali, maharage na mlenda, kwa wapakiaji na madereva wa malori. Nyuma ya banda lake kuna chumba anachokipangisha. Mwanzoni mwa Juni 2025, mavuno yakiwa yamefurika sokoni, dereva mmoja alimwacha humo utingo wake, Iddy, kijana wa Tunduma mwenye homa na vipele vya maji usoni na viganjani. Alisema atampitia akirudi. Hakurudi.

Wapakiaji wakaanza kulia chakula chao mbali na banda.

"Mama Elieth," alisema Methusela, msema ovyo wao, "siku hizi unafuga nyani?"

"Nafuga. Na wewe kaa huko huko, watu wasije wakadhani umetoroka zizini kwangu."

"Kwani huogopi?"

Anyesi alipandisha mkono wa gauni, akawaonyesha kovu la duara begani. "Mimi nilichanjwa ndui. Redio imesema waliochanjwa ndui wana kinga ya homa ya nyani."

Redio ilikuwa imesema hivyo, tena kweli. Na marehemu mama yake, aliyekuwa na kovu lake mwenyewe, ndiye aliyemwambia kwamba hilo ni la ndui. Kwa hiyo Anyesi alimkanda Iddy kwa maji ya moto, akamfulia shuka, akamlisha uji. Hali ilipozidi akapiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na gari la wagonjwa likaja kumchukua. Majibu ya vipimo yalisema ni mpox, ndiyo hiyo homa ya nyani.

Elieth, bintiye wa pekee, anaishi Majengo, Dodoma mjini. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Hii ya pili ilikuwa imefika mwisho, na walikubaliana kwamba mama atakwenda kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Anyesi alitaka kwenda akiwa na uhakika, hivyo akaenda kwanza kwenye zahanati iliyo karibu. Alimkuta muuguzi Erica.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya chanjo ya huu ugonjwa. Ya ndui ninayo, niongezee tu hii mpya."

Erica alilitazama kovu bila kuligusa. "Umezaliwa mwaka gani, mama?"

"Themanini na tano."

"Basi hilo si la ndui. Ndui ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka themanini, na chanjo yake ikaachwa. Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu. Hata mimi ninalo."

Anyesi alishusha mkono wa gauni polepole, kama mtu anayefunika chakula kilichoharibika.

"Basi nichome hiyo mpya."

"Hapa haipo. Jina lako limo kwenye orodha ya waliogusana na Iddy, na asubuhi nimempigia mratibu wa chanjo wa wilaya, nimekutaja. Ikiletwa, itaanza kwa waliogusana na mgonjwa na kwa wahudumu wa afya. Haiuzwi dukani, atakayekuuzia ni tapeli. Tena ilifaa uipate siku zile zile za mwanzo. Sasa hivi hata ukiipata, huenda ikapunguza ukali tu."

"Naweza kwenda kwa binti yangu? Anajifungua wakati wowote."

"Hapana, mama. Huu ugonjwa unaweza kuua mtoto tumboni. Kaa peke yako wiki tatu. Ukiona homa au kipele, hata kimoja, nipigie."

Hakuna aliyewekwa kumlinda. Mabasi ya Dodoma yalipita mbele ya banda alilolifunga, makondakta wakiita abiria, na Methusela, aliyekuwa akimwachia maji mlangoni, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba asijitese.

"Una kipele?"

"Sina."

"Sasa? Panda basi. Nani atajua?"

Anyesi alisubiri aondoke ndipo akafungua mlango na kuchukua ndoo.

Jumatatu Elieth alipiga simu. "Mama, umefika wapi?"

"Sijatoka, mwanangu. Nilimuuguza mtu, kumbe ana mpox."

"Ulimkanda?"

"Nilimkanda. Nilidhani nina kinga."

"Umemkanda utingo wa watu. Mimi nitakandwa na nani?"

Anyesi alianza kumweleza habari za zile wiki tatu. Binti akasema, "Haya, mama," akakata.

Chanjo haikuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Erica alipiga kila siku kumuuliza hali yake, na kila siku Anyesi alimuuliza kama kuna habari kutoka wilayani. Kisha homa ikaja, na alipoamka akaona kipele kimoja kwenye kiganja cha kulia, kigumu, chenye kishimo katikati. Alikitazama hadi jua likapanda. Basi la kwanza la Dodoma lilikuwa limeshapita. Akampigia Erica.

Gari la wagonjwa lilimchukua mchana. Usiku huo Elieth alijifungua mtoto wa kike. Anyesi atakaa wodi ya kutengwa mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote, na Paskazia, jirani wa Majengo, ndiye atakayemkanda Elieth na kumwogesha mtoto.