Moshi wa Kibuyu

Nilisikia filimbi ya kifua cha dadangu kabla sijamwona. Leo mtu amefungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mbele yangu, na harufu ile ya maziwa na moshi imenirudishia sauti hiyo.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mvua na baridi, na Kogo, nyanya yetu, alikuwa amekuja kututembelea mtaani Huruma. Siku tatu nzima nilimsumbua anitengenezee mursik. Nilijua pumu ya dadangu haitaki moshi. Sikusema. Kwa sababu ya mvua, Kogo alichomea kijiti mle chumbani, akasugua tumbo la kibuyu kwa kaa lake hadi likawa jeusi, kama mursik inavyotaka. Mimi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, filimbi ilinipokea nje ya mlango.

Dadangu alikuwa ameketi kitandani, mabega juu, midomo imeanza kubadilika rangi. Mama alimshikia pampu ya dawa mdomoni.

“Vuta, mami. Vuta tena.” Kisha akamgeukia Kogo. “Kwani Mama, unawasha moshi kwa nyumba ya mgonjwa? Nani amekuambia anataka mursik?”

Kogo aliniangalia. Mimi niliangalia ndoo yangu.

“Ni mimi,” akasema Kogo. “Ni tamaa ya uzee tu.”

Tulingoja, mlango wazi, hadi moshi ukaisha na filimbi ikalegea. Ndipo Kogo akafunga mkoba wake, akakumbatia kibuyu, akajitanda leso kichwani. Alitoka nje kwenye mvua bila kuniangalia tena, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, ukafungika vizuri, baridi isimfikie mtoto.