Panya Aliyefunga Mlango kwa Mkia

Kwa miaka kumi na miwili ya ualimu, Madamu Kanyere aliogopa kitu kimoja tu darasani, nacho ni kimya. Kelele aliziweza. Watoto sitini na wanane wakikaa pamoja katika chumba cha mbao, pale mtaa wa Ndosho, juu ya mawe meusi ya volkano, kelele hazikosi. Aligonga ubao mara mbili, zikaisha. Lakini akiuliza swali na darasa zima likabaki linamtazama kama ng'ombe wanaotazama mvua, hapo viganja vyake vililowa jasho.

Ndiyo maana alifundisha kwa kuitikia. Alisoma sentensi, akakata neno la mwisho, watoto wakalimalizia kwa sauti moja. Mtu aliyepita uani alidhani ndani mna kwaya ya parokia. Direkta Nzabonimpa, mkuu wa shule, alipenda sana sauti ile, na kila mgeni alipofika shuleni, alimpitisha kwanza kwenye dirisha la mwaka wa tatu.

Jumatatu moja direkta huyo huyo alimwita Kanyere ofisini, akamwambia kwamba inspekta atafika Alhamisi. Atasikiliza somo la kusomewa hadithi, kisha atauliza maswali. Zaidi ya yote, inspekta alitaka kuwaona watoto walioandikwa bila buletini, ile ripoti ya alama kutoka shule ya zamani, na asiyeonyesha kwamba ameelewa hadithi atashushwa darasa.

Kanyere alijua bila kuambiwa kwamba katika darasa lake hayo yalimhusu mtoto mmoja, Umutesi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alifika na mama yake kutoka Masisi, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kukimbia vita na kuhamahama bila kushika kalamu, na kwa kanuni alipaswa kuanza upya na watoto wa miaka sita. Kanyere alimsomesha kurasa mbili, akamwonea huruma, akamwandika mwaka wa tatu kwa dhamana ya neno lake mwenyewe.

Jioni hiyo, kabla ya kurudi kwake mtaa wa Mapendo, alipita kwa mama wa mtoto, Nyiramahirwe, aliyekuwa akiuza makala, yaani mkaa wa kupikia, kando ya barabara. Alimweleza yote. Yule mama alisikiliza huku akipanga makala katika ndoo, makubwa juu, madogo chini.

"Madamu, mukimurudisha kwa batoto badogo, mimi sitamulazimisha," alisema. "Atabaki hapa na mimi kwa makala. Mutoto mukubwa hivi, bamucheke kila siku?"

Kanyere hakulala vizuri. Mume wake Ézéchiel, fundi wa kutengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alimwambia asijitese: asubuhi awafundishe tu watoto kama kawaida. Lakini kawaida yake ndiyo iliyomtisha. Alikuwa amegundua kwamba Umutesi, wakati wa kuitikia, huangalia midomo ya wenzake, kisha hufungua mdomo wake kwa kuchelewa kidogo.

Basi akafanya lile ambalo hofu humfanyisha mtu. Alichagua hadithi moja fupi, ya mbuzi aliyekula kofia ya padri, akaisoma Jumanne mara nne na Jumatano mara tano. Aliandaa maswali matano na majibu yake. Ili pasiwe na kukosea, akawapa na alama: akiinua kidole kimoja, ni jibu la kwanza, viwili, la pili, mpaka vitano. Kufikia Jumatano mchana hakuhitaji hata kuuliza. Aliinua vidole tu, majibu yakatoka kama maji ya bomba. Umutesi naye aliitikia kwa wakati. Kanyere alirudi nyumbani akijaribu kuamini kwamba mambo yatakwenda sawa.

Alhamisi inspekta Viateur alifika saa mbili kamili, mzee mwembamba mwenye miwani, akaketi nyuma kwenye kiti cha direkta. Kanyere alipofungua kitabu kwenye hadithi ya mbuzi, mzee alinyanyuka, akampa karatasi moja iliyopigwa chapa, na kumwomba kwa upole asome hiyo badala yake. Watoto, alisema, wasikilize kitu wasichokijua.

Kanyere alisoma. Aliikimbiza hadithi mbio kama mtu anayevuka barabara. Ilikuwa hadithi ya mama panya aliyeishi na mtoto wake chini ya jiko. Siku moja walisikia kishindo juu ya paa. Mama panya alichukua mfuko, akatia punje chache tu za mahindi ingawa ghala lilijaa, akambeba mtoto, akatoka, akafunga mlango kwa mkia, akaenda zake.

Inspekta alikuja mbele. Aliwaambia watoto kwamba anataka mmoja tu ajibu, na ili waelewe, akainua kidole kimoja.

"Panya aliishi wapi?"

"Mbuzi alikula kofia ya padri," likajibu darasa zima, kwa sauti tamu ya kwaya.

Inspekta aliteremsha miwani. Alidhani hakusikia vizuri, akarudia swali, na kidole bado kiko juu. Mbuzi akala kofia mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Mlangoni direkta alikohoa, akatazama viatu vyake.

Damu ilimpanda Kanyere usoni. Aliona makala, aliona ndoo, aliona mtoto wa watu ameketi kando ya barabara mpaka uzee. Angeweza kuwalaumu watoto. Walimu wengi wangefanya hivyo. Badala yake alimgeukia inspekta, akakiri kwamba kosa ni lake, kwamba vidole vile yeye ndiye aliyewafundisha, na akaomba ruhusa ya kusoma tena. Mzee aliangalia saa yake, akakubali.

"Watoto," alisema Kanyere, "mbuzi tumuache. Leo sina jibu la kuwapa. Sikilizeni tu."

Safari hii alisoma polepole. Hakukata neno lolote. Alipofika kwenye kishindo alisimama, akawaacha wakisikilize wenyewe. Alipomaliza, aliuliza swali lililoandikwa chini ya karatasi: kwa nini mama panya alichukua punje chache tu, na ghala limejaa?

Hakuna aliyejibu. Kimya kilikuja, kile kile. Ulimi ulimwasha kutaka kuwaanzishia jibu, "Kwa sababu alikuwa na ha...", nao wangemalizia kwa furaha. Aliuma mdomo. Pikipiki ilipita nje, ikaenda mpaka isisikike tena, na kimya kilikuwa bado kipo.

"Mikono yake ilikuwa imejaa."

Umutesi alisema hayo akiwa ameketi, macho kwenye dawati. Inspekta alitazama karatasi yake, akatikisa kichwa. Jibu lililoandikwa, alisema, ni kwamba panya alikuwa na haraka. Lakini mzee hakuishia hapo. Alimsogelea mtoto, akamuuliza ameyaona wapi hayo ya mikono, maana hadithi haikuyasema.

"Imesema," alijibu Umutesi. Sasa alisimama. "Alifunga mulango na mukia. Angekuwa na mukono, angefunga na mukono. Mukono moja mufuko, mukono ingine mutoto."

"Na haraka?"

"Mwenye haraka hafunge mulango, papa. Sisi tulikimbia, tukaacha mulango wazi."

Mtoto mmoja alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Inspekta alisoma karatasi yake tena, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Hatimaye alitoa kalamu, akaandika kwa muda mrefu, na Kanyere akabaki amesimama pale, asijue mikono yake aiweke wapi.

Ripoti ilisomwa ofisini mchana. Mtoto Umutesi ameelewa hadithi kuliko jibu lililoandikwa kwenye karatasi, abaki mwaka wa tatu. Mwalimu anakaririsha, atembelewe tena mwezi ujao, kwa hadithi mpya, bila taarifa. Direkta alisoma sehemu hii ya pili mara mbili. Kanyere aliondoka na furaha moja na hofu moja, na hakujua ipi nzito.

Kule barabarani Nyiramahirwe alimsikiliza kama siku ile, bila kuacha kazi.

"Basi anabaki kwa bakubwa," alisema. "Na makala nani atanikalia, nikienda kufata ingine?"

Safari hii pia Kanyere hakumwanzishia jibu. Alingoja. Nyiramahirwe alipanga vipande vitatu, vinne. Kisha akamwita binti yake, akamwambia aende kufua shati la shule, maana jua lililobaki lilitosha kulikausha.